Kujenga handaki usilolijua: kisa cha Rogue na NetHack

Leo naomba tuweke kando mambo ya hifadhidata na seva, niwape historia kidogo. Chanzo chake ni aibu iliyonipata mimi mwenyewe.

Mnaosoma hapa mara kwa mara mnajua udhaifu wangu kwa NetHack, ule mchezo wa kale wa mahandaki usio na picha. Skrini nzima ni herufi na alama. Wewe ni @, mbwa wako ni d, mlango ni +, na zimwi la barafu linalotaka kukumaliza ni T. Msimbo wake uko wazi kwa yeyote, kwa hivyo siku moja nikaamua kujijengea orofa yangu ya chini ya ardhi. Vyumba viwili, mlango uliofungwa katikati, na ufunguo umelaliwa na zimwi. Hii hapa ni sehemu ya faili yenyewe, kwa lugha ya toleo la 3.4.3:

MAP
-----------
|....|....|
|....+....|
|....|....|
-----------
ENDMAP
DOOR:locked,(5,2)
STAIR:(1,1),up
STAIR:(9,3),down
OBJECT:'(',"skeleton key",(4,3)
MONSTER:'T',"ice troll",(4,3),asleep

Hata kama hujawahi kuandika programu, utaelewa. Mchoro ndio chumba. Nambari mbili kwenye mabano zinahesabu hatua kutoka kushoto na kutoka juu, kuanzia sifuri. Mlango umefungwa, ngazi ya kupanda iko chumba cha kwanza, ya kushuka iko chumba cha pili, na ufunguo uko kwenye kona, chini ya zimwi lililolala. Mpango ni kwamba mchezaji amwamshe zimwi, wapigane, achukue ufunguo, afungue mlango.

Niliijaribu labda mara 20. Nikampigia zimwi kelele, nikapigana, nikachukua ufunguo, nikafungua. Safi kabisa. Kisha nikampa mwenzangu wa kazini ajaribu. Akachagua kuwa mwanaakiolojia, mhusika ambaye huanza safari akiwa na sululu. Akaingia, akamtazama zimwi aliyelala, akaenda kwenye ukuta kando ya mlango, akachimba tundu, akapita, akashuka ngazi. Hata dakika moja haikuisha. Akaniuliza, "Ndio hiyo tu?"

Nyani haoni kundule. Mara zote 20 nilikuwa nimepita njia niliyoichora mimi, kwa sababu ndiyo njia pekee niliyoijua. Nilipoanza kupekua historia ya michezo hii nikagundua kwamba tatizo hili la mjenzi kutoliona handaki lake ndilo lililozaa aina nzima ya michezo.

Turudi nyuma. Mwaka 1976 Will Crowther, mwanaprogramu Mmarekani aliyependa kutembea mapangoni, alikuwa ameandika mchezo wa maneno kuhusu pango, na Don Woods akaupanua mwaka 1977. Ndio ule unaoitwa Adventure. Ulikuwa mtamu, lakini ulikuwa na kasoro ya fumbo lolote: ukishalitegua limekwisha. Na aliyelitunga hawezi kulicheza hata kidogo, maana majibu yote anayo kichwani tangu siku ya kwanza.

Hilo liliwakera vijana wawili wa Chuo Kikuu cha California kule Santa Cruz, Michael Toy na Glenn Wichman. Walitaka mchezo ambao wao wenyewe, walioutengeneza, wangeweza kuucheza na kushangazwa. Jibu lao, karibu mwaka 1980, lilikuwa Rogue: mwachie tarakilishi kazi ya kuchora handaki, na achore jipya kila mara. Toy alihamia Berkeley, na huko Ken Arnold akajiunga nao. Arnold ndiye mwandishi wa curses, maktaba ya msimbo inayoruhusu programu kuandika alama popote kwenye skrini badala ya kumwaga mistari kutoka juu hadi chini. Mwaka 1983 Rogue ilisambazwa pamoja na mfumo wa BSD 4.2, na hapo ikaingia vyuo vikuu kila pembe.

Mnaopenda ufundi mtafurahia jinsi Rogue inavyochora. Skrini inagawanywa vipande 9, vitatu kwa vitatu. Kila kipande kinapewa chumba cha ukubwa wa kubahatisha, na wakati mwingine chumba kinakosekana na kubaki ujia tu. Kisha programu inachagua chumba kimoja, inakiunganisha na jirani yake, inaendelea hivyo hadi hakuna chumba kilichobaki nje ya mtandao, ndipo inaongeza njia chache za ziada ili handaki lisiwe mti mtupu. Hiyo hatua ya kuunganisha ndiyo roho ya jambo. Handaki linaweza kuwa baya, linaweza kukuua orofa ya pili, lakini ngazi ya kushuka utaifikia ukitafuta vizuri. Hakuna anayehitaji kulijaribu kila handaki kabla ya mchezaji kuliona. Kinachojaribiwa ni mashine inayoyachora.

Kwa hiyo tatizo limekwisha? La. Mahandaki ya kubahatisha yanachosha kwa namna yake. Ukishaona orofa 10 za Rogue umeona zote: vyumba vya pembe nne, ujia, chumba cha pembe nne. Huwezi kumkumbuka mtu ukamwambia, "Ulifikaje pale?" kwa sababu hakuna "pale". Kila mtu ana handaki lake.

Kuna watu walioshika njia nyingine kabisa wakati huohuo. Donald Brown wa Marekani alitoa Eamon kwa tarakilishi za Apple II karibu mwaka 1980, na pamoja nayo diski ya kuwawezesha watu wajenge visa vyao. Mhusika wako angeweza kuhama kutoka kisa kimoja hadi kingine akiwa na panga lake na dhahabu yake. Visa zaidi ya 200 vilitungwa na watu wa kawaida. Eamon inastahili makala yake yenyewe, siku nyingine.

Ukoo wa NetHack ulianzia shule ya sekondari. Mwaka 1982 Jay Fenlason na wenzake watatu wa Lincoln-Sudbury, jimbo la Massachusetts, waliandika Hack, wakiiga Rogue. Mwaka 1984 Andries Brouwer wa Amsterdam akaiongezea mengi na kuisambaza kwenye Usenet. Mwaka 1987 Mike Stephenson na wengine wakaunganisha nyongeza za watu mbalimbali wakatoa NetHack. Hiyo Net ni kwa sababu wajenzi walikuwa wametawanyika na walikutana kwenye mtandao tu. Kumbukeni huo ni mwaka 1987! Mfumo wa watu wasioonana kujenga programu moja haukuanza jana.

Kwetu mimi na ninyi, hatua kubwa ilikuja mwaka 1989 na toleo la 3.0. Jean-Christophe Collet aliandika kompaila ndogo ya orofa, lev_comp. Unachora ramani katika faili ya maandishi kama ile ya kwangu hapo juu, kompaila inaisoma na kutoa faili ambayo mchezo unaielewa. Hukuhitaji tena kugusa msimbo wa C ili uweke kisima mahali fulani. Mwanafunzi mwenye kihariri cha maandishi na saa mbili za usiku angeweza kujenga ngome.

Na ngome zikajengwa. Mahandaki ya NetHack kwa sehemu kubwa bado yanachorwa kwa kubahatisha, kama ya babu yake Rogue, lakini kila hatua fulani unakutana na mahali palipojengwa kwa mkono: kisiwa cha Medusa katikati ya maji, ngome yenye daraja la kuinuliwa, mji mdogo wa wachimba migodi. Sasa "pale" pakapatikana. Wachezaji wawili wasiojuana, mmoja Nairobi na mwingine Helsinki, wanaweza kukaa wakasimuliana jinsi kila mmoja alivyovuka maji ya Medusa.

Ila tatizo la zamani nalo lilirudi mlangoni. Kilichojengwa kwa mkono lazima kijaribiwe kwa mkono. Kompaila itakukamata ukisahau mabano. Ufunguo ukiwa chumba kisichofikika, haina habari.

Chombo walichopewa wajenzi ni hali ya mchawi. Unaanzisha mchezo kwa nethack -D, na kwenye tarakilishi za Unix zinazotumiwa na watu wengi ruhusa hiyo alipewa mtumiaji mmoja tu, ambaye kwa kawaida jina lake la kuingilia lilikuwa "wizard". Ukiwa mchawi, Control na F inakufunulia ramani nzima ya orofa. Control na V inakurusha orofa yoyote. Control na W inakupa kitu chochote utakachotamani, na Control na G inakuumbia zimwi lolote mbele yako. Ukiuawa, mchezo unakuuliza kwa adabu kama kweli unataka kufa. Ukisema hapana, unaamka na kuendelea.

Bila hali hii sidhani NetHack ingefika popote. Orofa ya 25 huwezi kuijaribu kwa kushuka orofa 24 kila unapobadilisha mstari mmoja. Lakini angalia imeondoa nini: giza, kifo, na kutokujua. Yaani vitu vitatu vinavyolifanya handaki kuwa handaki. Mchawi anaweza kuthibitisha kwamba mlango unafunguka. Hawezi kukwambia kama mtu aliyebakiwa na damu kidogo, amepotea, na hana chakula, ataufikiria mlango kabisa.

Ndiyo maana napenda kuzisoma faili za orofa za NetHack kama watu wengine wanavyosoma magazeti. Kila amri ya kukataza ni njia ya mkato ambayo mtu aliifikiria. Chukua ngome. Faili yake inasema kuta hazichimbiki: sululu imezuiwa. Inasema huwezi kujirusha kwa uchawi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Sababu ni kwamba katika mnara mmoja wa ngome kuna kifimbo cha kutimiza matakwa, zawadi kubwa kuliko zote mchezoni, na bila makatazo hayo mtu angeingia, akanyakua, akatoka, askari wakiwa bado wamelala.

Lakini tazama walichokiacha wazi. Daraja unaweza kulifungua kwa kupiga noti 5 sahihi kwenye ala ya muziki, na ngome itakujibu kwa milio inayokuonyesha umekaribia kiasi gani. Unaweza kulifungua kwa kifimbo cha kufungulia. Unaweza kulivunjavunja kabisa. Unaweza kuliacha lilivyo ukaelea juu ya maji ya handaki la ngome, au ukayagandisha kwa kifimbo cha baridi na kutembea juu ya barafu. Wachezaji wa NetHack wana msemo wao kwamba wajenzi wake wamefikiria kila kitu. Mimi nafikiri sifa yao kubwa ni kuchagua. Walifunga milango miwili inayoua mchezo, wakaacha kumi inayouchangamsha. Mimi kwenye vyumba vyangu viwili nilikuwa na njia moja tu akilini, na hata hiyo sikuilinda.

Mfano ninaoupenda kuliko wote uliingia na toleo la 3.3.0, mwaka 1999: Sokoban. Mnaufahamu mchezo wenyewe wa Kijapani, wa kusukuma makreti ghalani, uliotungwa na Hiroyuki Imabayashi mwanzoni mwa miaka ya 1980. NetHack iliuchukua ikaugeuza mnara unaopanda badala ya kushuka. Orofa 4, kila moja ina ramani mbili na mchezo unachagua moja. Badala ya makreti kuna mawe makubwa, na unayasukuma kuziba mashimo yaliyokata njia. Ukifika juu kabisa unakuta mfuko wa ajabu wa kubebea mizigo au hirizi ya kurudisha mashambulizi.

Hebu fikiria kazi ya mjenzi hapa. Fumbo la Sokoban lina jibu moja au machache sana, na hatua moja mbaya inalifisha. Sukuma jiwe kwenye kona na halitoki tena. (Kwa wanahisabati: mwaka 1997 Joseph Culberson alithibitisha kwamba Sokoban kwa ujumla iko katika kundi la matatizo magumu linaloitwa PSPACE-kamili. Ramani ndogo zinategulika, lakini usitarajie njia ya mkato ya jumla.) Sasa chukua fumbo hilo laini kama yai, liweke ndani ya mchezo ambao mchezaji ana sululu, ana uchawi wa kuvunja mawe, anaweza kujikunyata akapenya kando ya jiwe, na ambao mazimwi yanazaliwa nyuma ya jiwe unalotaka kulisukuma na kulizuia lisiende.

Baadhi ya mambo wajenzi waliyakataza moja kwa moja. Kuta hazichimbiki, sakafu haitoboki, kujirusha hakuna, mawe hayasukumwi kimshazari. Lakini mengine hawakuyakataza. Ukitaka kulivunja jiwe kwa uchawi, vunja. Ukitaka kujipenyeza pale pasipopenyeka kihalali, penya. Mchezo hautakuambia kitu. Kimyakimya unapunguza bahati yako kwa alama moja, na bahati ni namba usiyoiona, inayoathiri mapigo yako na hata maombi yako kwa mungu wako.

Suluhisho hilo lilinifanya niweke kikombe cha chai mezani. Tazama sababu yake: fumbo linaweza kufa. Ukikataza udanganyifu wote, mchezaji aliyekosea hatua moja amefungiwa nje moja kwa moja, na mchezo wa NetHack hauna kurudi nyuma. Ukiruhusu wote, hakuna fumbo. Kwa hiyo wakauruhusu na kuutoza kodi. Uamuzi wa namna hiyo siamini mtu anaufikia akiwa mchawi asiyekufa. Lazima ufikirie kama mtu aliyekwama.

Na hawakupatia kila mahali. Kuna ngome nyingine inayoitwa Fort Ludios, imejaa dhahabu na askari, imejengwa kwa mkono kwa uangalifu. Njia pekee ya kuifikia ni lango la uchawi lililofichwa ndani ya chumba cha hazina, kile cha hatua mbili kwa mbili kilichozibwa pande zote. Vyumba hivyo vya hazina ni kazi ya mashine ya kubahatisha, ambayo hukiweka ikipata nafasi. Isipopata nafasi katika orofa zinazohusika, Ludios ipo lakini haina mlango. Kuna watu wamecheza mchezo mzima hadi ushindi, na ngome hiyo ilikuwemo muda wote, haifikiki. Hapo ndipo kazi ya mkono na kazi ya mashine zilipokosa kukutana. Rogue ilihakikisha kila chumba kimeunganishwa, mjukuu wake akasahau somo la babu.

Kabla sijasahau: katika ule mji mdogo wa wachimba migodi, duka la taa na mishumaa mwenye nalo daima anaitwa Izchak. Izchak Miller alikuwa mwalimu wa falsafa chuo kikuu na mmoja wa wajenzi wa NetHack, na alifariki mwaka 1994. Wenzake wakampa duka. Wenye maduka wengine hupewa majina kwa kubahatisha, huyu habahatishwi. Kila ninapopita hapo hununua mshumaa hata kama siuhitaji.

Baadaye dawa ya upofu wa mjenzi ilipatikana kwa njia nyepesi sana. Kwa kuwa mchezo mzima ni alama kwenye terminali, unaweza kurekodi kila alama pamoja na muda wake katika faili ndogo ya aina ya ttyrec, kisha ukaitazama kama filamu. Seva za umma za NetHack zimerekodi michezo kwa namna hiyo kwa miaka mingi. Mjenzi anaweza kukaa akamtazama mtu asiyemjua akiingia kwenye orofa yake, akisita, akigeuka, akienda mahali ambapo hakuna kitu kwa sababu mchoro ulimdanganya. Waswahili walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na hapa mgeni hahitaji hata kujua kwamba anatibu.

Toleo la 3.4.3 lilitoka mwaka 2003 na likakaa miaka 12 bila mrithi rasmi, hadi 3.6.0 ya mwaka 2015. Watu walikuwa wamezikariri orofa zile za mkono kama njia ya kwenda sokoni. Katika msimbo wa 3.7 kompaila ya Collet imeondolewa, na orofa sasa zinaandikwa kwa lugha ya Lua. Mabadiliko mengine ni madogo lakini yalinichekesha: mchezo unaweza kuipindua ramani iliyojengwa kwa mkono, kushoto ikawa kulia, juu ikawa chini. Daraja la ngome, ambalo tangu zamani lilikuwa upande wa magharibi, unaweza kulikuta mashariki. Toy na Wichman wangefurahi. Hata aliyeichora ngome sasa anafika pale na kutazama kwanza.

Mimi nimerudi kwenye vyumba vyangu viwili. Nimeongeza mstari wa NON_DIGGABLE kwenye ukuta wa katikati tu, na kuta nyingine nimeziacha. Mlango nao bado unaweza kupigwa teke ukafunguka, ila kelele yake itamwamsha zimwi. Mwenzangu atacheza tena Jumamosi. Nimemwomba arekodi, na safari hii sijamwambia nilichobadilisha.